Meno ya Freddie Mercury na Mkono Uliofunika Mdomo

Ninafundisha uimbaji Sinza, Dar es Salaam, katika chumba cha uani chenye kinanda kimoja na feni moja. Mapema mwaka huu alinijia binti wa miaka kumi na tisa, mzaliwa wa Arusha, ambaye meno yake yana rangi ya kahawia, kama yalivyo ya watu wengi waliokua wakinywa maji yenye floridi nyingi katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro. Sauti yake ni nzito na imejaa, lakini kila alipofika kwenye irabu “a” mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe na kuuziba mdomo, na wimbo ukasikika kama unaotoka ndani ya mtungi. Alipomaliza aliniuliza, “Mwalimu, kasoro iko wapi?” Nilimjibu kwa habari za mtu aliyezaliwa ng’ambo tu ya bahari yetu.

Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Waparsi, yaani Wahindi wenye asili ya Uajemi, ambayo baba yake alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Alikuwa na meno manne ya ziada ambayo yaliyasukuma ya mbele yakatokeza, na alipopelekwa bado mdogo kusoma shule ya bweni huko Panchgani, India, wenzake walimbandika jina la utani kwa sababu ya meno hayo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ilihamia Uingereza. Hata alipokuwa mwimbaji wa bendi ya Queen anayejulikana dunia nzima, alipocheka nje ya jukwaa alizoea kuyafunika kwa mkono au kuyavutia mdomo wa juu. Fedha za kumlipa daktari wa meno alikuwa nazo tele, lakini alikataa kuyarekebisha kwa kuhofia kwamba nafasi ya ndani ya kinywa ingebadilika na sauti nayo ingebadilika.

Hofu hiyo ina msingi, ingawa naipima kwa uangalifu. Nyuzi za sauti kooni hutoa mvumo tu, unaokaribia mvumo wa nyuki, na kinachoufanya mvumo huo uwe sauti ya fulani na si ya mwingine ni uwazi wa koo, mkao wa ulimi, mwinuko wa kaakaa laini na umbo la midomo. Mimi siamini kwamba kung’oa meno manne kungemnyang’anya Freddie sauti yake, kwa kuwa koo na ulimi vina nguvu zaidi. Naamini lakini kwamba alikuwa na haki ya kuogopa, kwa sababu mwimbaji hujifunza kuimba na kinywa alicho nacho, na ukikigusa unamrudisha mwanzo.

Mwaka 2016 watafiti wa sauti wa Ulaya walichapisha uchambuzi wa rekodi zake. Walikuta kwamba alipozungumza sauti yake ilikuwa na wastani wa mitetemo 117 kwa sekunde, yaani ya baritoni, sauti ya kiume ya kati, ilhali dunia ilimjua kama teno, sauti ya kiume ya juu. Mtikisiko wake wa sauti ulikuwa wa haraka kuliko ule wa waimbaji wengi, tena haukutulia, na ile mikwaruzo yake ya juu ilielekea kutokana na mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti kutetema pamoja nazo. Sifa hizo zote mwalimu wa kwaya angezisahihisha. Nasema hivi nikijua ninalolisema, maana kwa miaka mingi niliwaambia vijana wapunguze mkwaruzo, watulize mtikisiko, wachague ama teno ama besi, ili sauti ziungane. Na wapo ambao sauti zao ziliungana vizuri kiasi kwamba leo siwezi kuzikumbuka.

Ubunifu wake naona ulitoka mahali hapohapo, katika kutokitupa kile ambacho wengine wangekiona ni kasoro. Siku za mwanzo, kinara cha kipaza sauti kilimkatikia akiwa jukwaani. Akaendelea na nusu iliyobaki mkononi, na mtindo huo wa kinara nusu akaendelea nao. Wimbo wa “Bohemian Rhapsody” wa mwaka 1975 ulikaribia dakika sita na haukuwa na kiitikio, na ndani yake mna neno “Bismillah”, ambalo mtoto aliyekulia Unguja hawezi kuwa hakulisikia. Wakubwa wa kampuni ya kurekodi walihofu kwamba redio hazitaupiga kwa urefu wake, nao ukakaa kileleni Uingereza kwa wiki tisa.

Vijana wengi huanzia kwenye mavazi, na huenda soko la Karume kutafuta koti la kung’aa kabla ya kujua pumzi inakaa wapi. Ukweli ni kwamba katika onyesho lake linalokumbukwa kuliko yote, pale uwanja wa Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985, Freddie alivaa fulana nyeupe isiyo na mikono na suruali ya jinsi. Aliita, na watu wapatao 72,000 wakaitikia, kama ngoma yoyote ya kwetu inavyoita na kuitikiwa.

Nyumbani hakukubaliwa kirahisi. Alipenda wanawake na wanaume, akafariki kwa UKIMWI tarehe 24 Novemba 1991, na mwaka 2006 sherehe iliyopangwa Unguja kukumbuka miaka 60 ya kuzaliwa kwake ilifutwa baada ya kikundi cha dini kuipinga. Makumbusho yake yalifunguliwa Shangani mwaka 2019. Nilipoyatembelea nilisimama kwa muda mrefu mbele ya picha zake za utotoni, nikautazama ule mdomo.

Hapa kwetu mtaani tunaye mwingine wa namna yake. Anayekuja kwangu kwa daladala humwambia kondakta “kwa Remmy”, na Remmy huyo ni Remmy Ongala, mwanamuziki aliyezaliwa Kongo akaifanya Dar es Salaam kwao, ambaye inasimuliwa kwamba alizaliwa tayari na meno mawili ya mbele, na watu wakaona ni alama ya uganga. Yeye alijiita “sura mbaya” kwa fahari, akaimba waziwazi kuhusu kondomu wakati wengi walikuwa wakinong’ona tu. Leo kituo cha basi kina jina lake.

Yule binti nilimwomba aweke viganja vyote viwili mbavuni, zoezi la kawaida la kuhisi pumzi ikitanuka, ambalo pia halimwachii mkono wa kuzibia mdomo. Aliimba mstari mmoja. “A” ilitoka pana, ikagonga dirisha, na kijana wa besi aliyekuwa akisubiri zamu yake akainua kichwa kutoka kwenye simu. Binti aliyaona meno yake mwenyewe kwenye kioo cha ukutani, akasita, akavuta pumzi tena. Jumamosi iliyopita aliimba wimbo mzima mikono ikiwa huru. Mkono wa kulia ulipanda mara mbili, ukafika kidevuni, ukashuka.