Shingo kulia "ko!" sio kipandauso kupona

Juzi kaingia dada mmoja katokea Mbagala, hata hajakaa anasema dokta naomba univunje shingo kama kinyozi anavyomvunjaga mume wangu, hiki kichwa kitaniua. Nikacheka, maana vinyozi wa Dar wametuweza, ukimaliza kunyolewa na skrabu anakudaka kidevu, ko! huku, ko! kule, unatoka unajiona mwepesi balaa.

Mi ni fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo, na hiyo kazi nimeifanya sana tu. Ule mlio sio mfupa unarudi mahali pake, kwenye maungio kuna ute, ukiyavuta ghafla presha inashuka mle ndani linatokea povu la gesi, basi. Mwaka 2015 watafiti wa Canada walivuta vidole vya mtu ndani ya mashine ya MRI wakaliona likitokea.

Na kipandauso, kile kichwa kikali cha kurudirudi anacholalamikia dada, ni ugonjwa wa ubongo. Kinachotuchanganya ni kwamba mishipa ya fahamu ya pingili tatu za juu za shingo inakutana na ile ya uso kituo kimoja kwenye shina la ubongo, yani taarifa za maumivu zinachanganyikana, ndo maana unakuta shingo inakaza kabla hata kichwa hakijaanza na mtu anaapa shingo ndo chanzo kumbe ni dalili.

Wanorwei walilipima hili, 2017 wakatoa majibu: wagonjwa 104, kundi moja wanavunjwa kweli mara 12 ndani ya miezi mitatu, jingine wanasukumwasukumwa begani na makalioni kiuongo-uongo, la tatu wanaendelea na dawa zao kama kawaida. Siku za kichwa zikapungua kwa wote. Baadae kundi la dawa likarudi kulekule, ila waliovunjwa kweli na waliodanganywa nafuu ikabaki, na hawakupishana! Aisee mi hapo ndo niliishiwa nguvu.

Na kuna mishipa miwili ya damu inapita kwenye matundu ya pingili za shingo kwenda ubongoni. Ukizungusha kwa nguvu ukuta wake unaweza kuchanika, damu ikaganda, mtu akapata stroku. Ni nadra sana, sawa, lakini mshipa uliochanika wenyewe unaleta maumivu ya shingo na kichwa, kwa hiyo mtu anaweza kukujia tayari umeshachanika na wewe ndo unaenda kuumalizia. Kinyozi atajuaje? Hata mi kwa macho sijui.

Basi yule dada nikamuuliza mwezi uliopita umekunywa panado siku ngapi, akaanza kuhesabu vidole akaacha. Ukifika siku 15 kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, dawa yenyewe inaanza kuleta kichwa. Nikamuandikia barua kwa daktari waongee dawa za kuzuia, kama propranolol au amitriptyline, nikamchua mabega taratibu. Akaniuliza sasa mbona hujavunja, nilipe yote?