Inveta kubwa haiongezi umeme

Kurasini, malori yakipanga foleni ya kuingia bandarini, utasikia: "Nunua inveta ya wati 3,000, utapika chochote." Maneno haya ni ya zamani, na yanapotosha. Inveta haizalishi umeme hata chembe. Inachukua ule wa betri, volti 24 kwa malori mengi, na kuugeuza kuwa 230. Wati 3,000 ni kiwango inachoweza kupitisha, basi.

Chukua birika la wati 2,000. Gawa kwa 24 unapata ampea 83, na ukiongeza upotevu ndani ya inveta zinakaribia 95. Sasa tazama tundu la kuwashia sigara kwenye dashibodi: fyuzi yake mara nyingi ni ampea 10 hadi 20. Ukichomeka hapo, fyuzi inakatika. Ukiiziba kwa kipande cha waya, kama utingo fulani alivyonionyesha akijivunia, kinachoungua ni nyaya. Inveta kubwa hufungwa moja kwa moja kwenye betri, kwa waya mnene, mfupi, wenye fyuzi yake.

Ajabu ni kwamba birika, kwa dakika zake tano, linakula betri kidogo tu. Jiko la wati 1,000 kwa saa nzima, injini ikiwa imezimwa, ndilo linaloweza kukuacha unaomba kusukumwa alfajiri.

Na wale wanaochota volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili zinazounganishwa kupata 24: hiyo moja inaishiwa, mwenzake inachajiwa kupita kiasi, zote zinakufa mapema.