Kompyuta kuukuu au mpya kwa mashindano ya redio: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mashindano ya sauti ya CQ World Wide, ambapo waendeshaji wa redio hushindana kuwasiliana na vituo vingi duniani, hufanyika wikiendi kamili ya mwisho ya Oktoba. Huanza saa sita usiku kwa saa za UTC, yaani saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi kwetu Afrika Mashariki, na huchukua saa 48. Kwa mwendeshaji wa redio ya ridhaa aliyeko Tanzania au Kenya hizo ni saa za neema. Kanda yake ya dunia katika mashindano haya, namba 37, haina vituo vingi, kwa hiyo akiita tu Ulaya inamrukia. Inauma kumwona mtu wa namna hiyo akihangaika na kompyuta huku foleni ya wanaomwita inayeyuka, na mara nyingi aliichagua kwa kufuata maneno yasiyo kweli.

Neno linalorudiwa zaidi ni kwamba mashindano yanataka kompyuta yenye nguvu. Hayataki. Kazi ya programu ni kuandika alama ya wito (jina rasmi la kituo), saa na bendi, na kukuonya kama kituo hicho umeshawasiliana nacho. Katika faili la Cabrillo, lile wanalopelekewa waandaaji, kila mawasiliano ni mstari mmoja wa herufi kama 80. Mawasiliano 3,000 ni kilobaiti 240 hivi. Flopi moja ya megabaiti 1.44 ingebeba mashindano matano. Nguvu inahitajika ukitaka kuiona bendi nzima ikichorwa kwenye skrini, au ukiendesha CW Skimmer, inayosoma vituo vingi vya Morse kwa mpigo mmoja. Hapo kompyuta ya miaka ya tisini haikufai.

Kwa wanaoshindana kwa Morse, dhana ninayoiheshimu ni ile ya wakongwe, kwamba DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, inapiga Morse vizuri kuliko Windows. Naiheshimu kwa sababu iliwahi kuwa kweli tupu. Enzi za CT, programu ya mashindano ya Ken Wolff, mwenye alama ya wito K1EA, kompyuta ilifanya kazi moja tu na kuiendesha milango yake ya nyuma bila kumwomba mtu ruhusa. Windows hugawa muda wake kwa kazi nyingi, na saa yake ya ndani kwa kawaida hupiga kila baada ya milisekunde 15 hivi. Sasa piga hesabu: kwa kasi ya maneno 30 kwa dakika, nukta moja ya Morse hudumu milisekunde 40. Ikivutwa kwa 15, imeharibika kwa zaidi ya theluthi, na anayekusikiliza atadhani mkono wako unatetemeka. Lakini dawa ipo siku nyingi: chipu ya Winkeyer iliyobuniwa na mwendeshaji mwenye alama ya wito K1EL. Kompyuta huipa herufi tu, kisha chipu yenyewe huzihesabu nukta na vistari. Windows ichelewe itakavyo, Morse hutoka imenyooka. Kutunza mashine ya DOS kwa sababu hiyo pekee hakuna haja tena.

Kuhusu mlango wa siriali, tundu la zamani la kuunganishia redio na kompyuta, ambao laptop mpya hazina, tatizo ni dogo. Redio kama IC-7300 ina USB yake. Redio za zamani zinahitaji kebo ya kugeuza. Nunua yenye chipu halisi, na uichomeke kwenye tundu lilelile kila siku, kwa kuwa ukihamisha tundu Windows inaweza kuipa namba nyingine ya COM, yaani ya mlango ambao programu huutumia kuifikia redio, na programu isiione redio.

Je, kompyuta za zamani huitilia redio kelele ndogo? Wasemao hivyo wamezisahau skrini za chogo, zilizokuwa zikimwaga kelele kila kilohezi 31 hivi. Umri si hoja. Washa redio kwa betri, tega sikio kwenye masafa matupu ya 7 MHz, kisha chomoa chaja ya laptop. Kelele ikishuka, mkosaji ni chaja. Uzungushe waya wake kwenye pete ya feraiti, ile inayozuia kelele, au tafuta chaja nyingine. Laptop ina faida nyingine ambayo sisi wa huku tunaijua vizuri: umeme ukikatika, inaendelea.

Windows isiyohudumiwa tena, kama XP iliyoachwa Aprili 2014, bado inaandika mawasiliano bila shida ikiwa haijaunganishwa na intaneti. Faili unalitoa kwa flashi na kulituma kwa mashine nyingine ndani ya siku tano za kikomo. Ninachokiogopa kwenye kompyuta kuukuu ni kile kibetri cha CR2032. Kikifa, ukizima mashine saa inarudi miaka nyuma, na mawasiliano yote yanaingia kwa tarehe isiyo yake. Kibadilishe Ijumaa mchana, kisha uilinganishe saa na UTC kabla hujalala.