Kiboko wa Tabaka katika duka la Unguja: tunavyojidanganya kuhusu zawadi za safari

Likizo ikikaribia, watu wa huku kwetu, Kisumu hadi Nakuru, hupanga safari za Unguja na Lamu, na hawarudi mikono mitupu. Vinyago, vikapu na viungo hugawiwa jamaa na majirani pamoja na maelezo marefu ya vilikotoka. Maelezo hayo mara nyingi ni ya muuza duka, na muuza duka ana kodi ya kulipa.

"Kimeuzwa kisiwani, basi ni cha kisiwani"

Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote. Kiboko wa jiwe laini aliyepangwa kwenye rafu ya duka huko Mji Mkongwe huenda ametoka Tabaka, kaunti ya Kisii. Mnunuzi wa Kisumu angempata kwa matatu, lakini amempandia ndege.

Pale Tabaka jiwe huchimbwa kwa mikono, hupunguzwa kwa panga, kisha huchongwa kwa kisu. Halafu kazi huhamia kwa akina mama. Mama huketi na beseni la maji, akakisugua kinyago kwa msasa wa kukwaruza, akafuata na ulio laini, mpaka alama za kisu zipotee. Kinaanikwa juani, kikikauka kinapakwa nta. Vile vya rangi kali hupakwa rangi chombo kizima, kisha mchoraji huikwangua kwa ncha kali ili weupe wa jiwe utokeze kama maua au twiga. Ukishayajua hayo, unaweza kukikagua kitu mwenyewe. Kipindue, ukwaruze sehemu ya chini isiyopakwa kitu. Jiwe la Kisii lina talki, madini yaliyo laini kuliko yote katika kipimo cha Mohs, kwa hiyo ukucha huacha alama na unga mweupe. Ni zito, na ukilishika linakuwa baridi. Kinyago chepesi kisicho na ubaridi wowote mkononi kimemiminwa kwenye kalibu.

Picha za Tingatinga nazo hupewa uzawa wa Zanzibar. Mtindo huo aliuanzisha Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968, akipaka rangi ya mafuta kwenye mbao za bei nafuu. Kanga ni vivyo hivyo: soma maandishi ya pembeni mwa kitambaa, usishangae ukikuta imechapwa India au Tanzania Bara. Sisemi usinunue. Nunua kwa sababu umeipenda, na ukitaka kitu cha visiwani kweli, tafuta mikeka na vikapu vya ukindu vinavyosukwa na wanawake wa Unguja na Pemba. Mkeka husukwa kwanza kama utepe mrefu, ukili, kisha kili hizo huunganishwa kwa kushonwa. Tazama ule mshono kabla ya kuuliza bei. Ukiwa umelegea leo, mwakani utakuwa umeachia.

"Cheusi ni mpingo"

Rangi ya viatu imewahi kuuza mpingo mwingi kuliko miti. Mti wowote laini ukipakwa rangi nyeusi na kung'arishwa huonekana vizuri chini ya taa ya duka. Mpingo wa kweli ni mzito hata huzama majini, na mara nyingi mchongaji huacha ukanda wa sehemu ya nje ya mti, ulio na rangi ya krimu, uonekane. Sugua kitako cha kinyago kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikitoka na weusi, na ukinusa unasikia polishi, lipa bei ya mti wa kawaida. Angalia pia vitundu vidogo vyenye vumbi laini. Hao ni bungua, na hutataka waingie kwenye kabati la sebuleni.

"Zafarani ya visiwani ni rahisi"

Zafarani hailimwi Zanzibar. Nyingi duniani hutoka Iran, na bei yake si ya mchezo, kwa hiyo pakiti kubwa ya bei ya chapati ina kitu kingine. Chukua karafuu za Pemba. Ibonyeze moja kwa ukucha: ikiwa nzuri, mafuta hutokeza.

"Vikifanana, vimetoka kiwandani"

Si lazima. Fundi wa Tabaka anaweza kuchonga umbo moja miaka nenda miaka rudi, na mikono yake ikalizoea hadi halihitaji kufikiriwa. Viboko kumi vikiwekwa sambamba utaona sikio moja limeinama kidogo, tumbo moja limenenepa. Ukikosa hata tofauti hiyo, hapo ndipo pa kutilia shaka.

"Usipokata bei nusu, umeibiwa"

Kuna watu wanaojisifu kwa kumwangusha mchuuzi mpaka akanyamaza. Hesabu kidogo: mchimbaji, mchongaji, mama wa msasa, mpakaji nta, broka, lori, kodi ya duka. Unapong'ang'ania "bei ya mwisho", anayekatwa kwanza ni yule wa mwanzo wa mnyororo, ambaye hata humwoni. Kupatana ni desturi na hakuna anayekukataza, ila uliza bei katika maduka matatu ndipo ukubaliane. Ukifika Tabaka mwenyewe, unawalipa waliochonga, na pesa iliyokuwa ya broka mnagawana.

"Nimeokota tu, sikuua mnyama"

Sheria haiulizi hivyo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya vitu vilivyotengenezwa kwa viungo vya wanyamapori. Bangili ya gamba la kasa ni hatari zaidi, kwa kuwa kasa wote wa baharini wamo katika orodha kali ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na risiti ya duka haitakusaidia uwanja wa ndege. Hata unyoya wa heroe uliouona ufukweni mwa Ziwa Nakuru uache palepale.

"Kikapu cha gugumaji kinaokoa ziwa"

Hii ni ya kwetu, na nia yake ni njema. Lakini gugumaji likipata hali nzuri huongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi, na mafundi wote wa Kisumu wakisuka usiku kucha hawalifikii. Lililopunguzwa katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1990 lilishambuliwa na wadudu walioachiliwa kulila, na mvua na mawimbi ya El Niño yakasaidia. Kinunue kikapu kwa uzuri wake. Shina la gugumaji karibu lote ni maji, kwa hiyo kinuse ndani: kikinuka uvundo, hakikukauka na kitaota ukungu. Kilicho sawa kitundike penye hewa, na kila baada ya masika kianike nusu siku.