Broila wanamaliza mifuko ya chakula ila hawakui: maswali kuhusu stresi ya kuku

Haya ni maswali ambayo wafugaji wa huku kwetu Mwanza, kuanzia Igoma, Buhongwa mpaka Kisesa, wanauliza sana, hasa jua la mwezi wa tisa na wa kumi likikolea.

Hivi kuku naye anapata stresi? Si mambo ya watu hayo?

Anapata, tena sana. Mbwa akiingia bandani, bati likichemka saa nane mchana, au ukiwajaza mpaka wanakanyagana, sekunde hiyohiyo adrenalini inamwagika, moyo unaenda mbio na sukari inapanda kwenye damu. Hiyo ikipita anarudi kwenye chakula chake wala hana habari. Balaa ni homoni ya pili, inaitwa kotikosteroni, inatoka kwenye tezi mbili ndogo zilizo jirani na figo baada ya ubongo kuziamuru, na kama karaha inaendelea siku nzima, wiki nzima, basi inabaki juu tu na hapo ndo hela yako inaanza kuyeyuka.

Mbona wanakula lakini kifua chembamba?

Kwa sababu kazi ya kotikosteroni ni kuhakikisha damu haikosi sukari, na isipoipata kirahisi inavunja protini ya misuli, inaipeleka kwenye ini igeuzwe sukari. Ni kama mtu anayechoma milango ya nyumba yake apate moto wa kusongea ugali. Yaani ile dagaa ya soko la Mwaloni uliyonunua kwa bei ikajenge paja inaishia kuungua, halafu nguvu inayobaki mwili unaiweka kama mafuta tumboni na kwenye ini, ndo maana ukimchinja unakuta bonge la mafuta ya njano karibu na firigisi wakati kifua hamna kitu.

Na haliishii hapo. Protini ikivunjwa taka zake zinatoka kama asidi ya yuriki, ule weupe unaouona kwenye kinyesi, zikikutana na pumba za sakafuni zilizolowa zinakuwa amonia, hewa kali inayonuka, amonia inawachoma macho na njia ya hewa, stresi inapanda tena, mzunguko unaanza upya. Wewe ukiingia dakika mbili macho yanawasha, wenzako wanalala humo na pua ziko palepale kwenye pumba. Geuza pumba, toa zilizolowa, rekebisha hiyo dringa (chombo cha maji ya kuku) inayovuja.

Nimechanja kila kitu, mbona bado wanaumwa?

Kuku ana kifuko kinaitwa bursa, kiko juu ya tundu la haja, ndo kiwanda cha askari wa mwili wanaotengeneza kinga. Kotikosteroni ikikaa juu muda mrefu bursa inasinyaa, na chanjo inategemea askari haohao, kwa hiyo unaweza ukachanja ugonjwa wa kideri kwa wakati na isishike vizuri. Ugonjwa wa gumboro wenyewe unashambulia bursa hiyohiyo, sasa jumlisha mwenyewe.

Hapa watu wengi wanakimbilia antibayotiki, na kusema ukweli inaniudhi. Kideri na gumboro ni virusi, antibayotiki haiviui. Mbaya zaidi mtu anawanywesha dawa leo kesho anawapeleka sokoni bila kusubiri siku zilizoandikwa kwenye lebo, mabaki yanaingia kwenye sahani ya mtoto wa mtu. Muone daktari wa mifugo kwanza, na kabla hujampigia angalia joto, nafasi na maji.

Joto la hapa nifanyeje?

Kuku hatoki jasho, na mwili wake tayari uko kwenye nyuzi 41 hivi, kwa hiyo anapoa kwa kuhema mdomo wazi na kutanua mabawa. Akihema sana anapoteza hewa ya kaboni na damu inavurugika. Chakula nacho kikisagwa tumboni kinaongeza joto, kwa hiyo siku za jua kali broila wakubwa waondolee chakula kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, wawashie taa wale usiku. Maji yasikatike, na tenki usiliache juani, maana kuku hatakunywa chai. Wasizidi 10 kwa mita moja ya mraba, na kama banda liko katikati ya mawe punguza zaidi, yale mawe yetu yanatunza joto mpaka usiku. Mchana upepo unatoka ziwani, basi upande huo weka wavu, usizibe kwa turubai. Vitamini C kwenye maji inasaidia kiasi, ila haiwezi kushindana na bati tupu.

Eti broila wanadungwa homoni wakue haraka?

Hapana. Ni mbegu iliyochaguliwa kwa miaka mingi pamoja na chakula chenye nguvu. Hebu fikiria kudunga kuku 500 sindano kila siku, nani ana muda huo?

Siku ya kuuza je?

Wakamate usiku au alfajiri, taa hafifu, bila kukimbizana. Kuku aliyehangaika sana anaunguza akiba ya sukari iliyoko kwenye misuli na nyama inaharibika ubora, wengine wanakufa njiani. Tenga la kubebea kuku usilisindilie, na kama ni bodaboda ya kutoka Kisesa kwenda mjini ondoka kabla jua halijapanda.