Homa imeshuka, dozi haijaisha

Kwenye dirisha la chumba cha mama mkubwa, kando ya chemli, nilikuta pakiti ya dawa mseto ya malaria yenye vidonge 12. "Siku ya pili nilikuwa mzima, mwanangu, nikaviweka akiba." Dozi yake ilikuwa vidonge 24.

"Homa ikishuka, umepona."

Hii ndiyo dhana inayoniumiza kuliko zote, kwa sababu mwili wenyewe unaithibitisha. Kidonge cha ALu, yaani hiyo dawa mseto, kina dawa mbili. Artemetha huua vimelea vingi kwa haraka, ndiyo maana unaamka na nguvu, lakini huisha mwilini ndani ya saa chache. Lumefantrini hukaa siku kadhaa ikimalizia vilivyobaki. Ukiacha katikati, vilivyobaki vinazaliana na homa inarudi.

Mwenye kilo 35 na kuendelea humeza vidonge 4 mara 2 kwa siku, siku 3. Wengi hukosea dozi ya pili: ni saa 8 baada ya ile ya kwanza, si 12. Ukianza saa 2 asubuhi, ya pili ni saa 10 jioni. Siku mbili zinazofuata ni saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Meza pamoja na chakula chenye mafuta, kwa sababu bila mafuta lumefantrini haiingii vizuri kwenye damu. Maziwa yanafaa, karanga zinafaa; chai ya rangi tupu haisaidii. Ukitapika kabla ya nusu saa, rudia dozi hiyo.

Na ile akiba ya dirishani? Haimtoshi mtu mzima, na mtoto hapewi kwa kukisia: dozi yake hufuata uzito.

"Klorokwini ya zamani ilikuwa kiboko."

Ilikuwa, mpaka vimelea vikaizoea. Tanzania Bara iliiacha mwaka 2001 ikahamia SP, dawa nyingine ya malaria, na SP nayo ikashindwa kutibu; mwishoni mwa 2006 ikaja ALu. Sasa Rwanda na Kagera vimeshaonekana vimelea ambavyo artemetha na ndugu zake huvimaliza polepole kuliko zamani. ALu bado inatibu, kwa hiyo tuitunze.

"Homa ni malaria tu, kupima ni kupoteza hela."

Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa apimwe kwanza. Ni tone la damu ya kidole, na majibu hutoka ndani ya nusu saa. Mtoto mwenye nimonia akipewa dawa mseto, nimonia inaendelea kumla huku ninyi mkisubiri apoe. Jambo moja watu hawaambiwi: kipimo hiki cha haraka kinaweza kuonyesha malaria hata wiki kadhaa baada ya kupona. Homa ikikurudia mapema, omba kipimo cha darubini kabla ya kuanza dozi nyingine.

Mgonjwa akipata degedege, akizimia au akitapika kila kitu, vidonge si vyake tena. Mpelekeni hospitali achomwe sindano ya artesuneti.

"SP inatoa mimba."

Hapana. Kwa mjamzito SP bado ni kinga ya malaria: inamkinga mama na upungufu wa damu na mtoto asizaliwe na uzito mdogo. Hutolewa kliniki kuanzia mwezi wa nne wa ujauzito, vidonge 3 kwa mkupuo, hata bila kula, na kurudiwa baada ya mwezi au zaidi; angalau mara 3 kabla ya kujifungua. Anayetumia antibiotiki ya kotrimoksazoli kila siku asipewe SP, hivyo dada, mwambie nesi dawa zako zote.

"Mimi mzaliwa wa Tanga, malaria haiwezi kunipata."

Hii ni kwenu mnaoishi Ulaya au Marekani. Kinga ya utotoni hupungua miaka ikipita bila kuumwa na mbu wa nyumbani. Muulize daktari vidonge vya kinga kabla ya safari, na msiviache uwanja wa ndege wa kurudia: atovakoni-proguanili huendelea siku 7 baada ya kuondoka, doksisaiklini wiki 4. Homa ikikukuta huko, hata miezi miwili baadaye, neno la kwanza kwa daktari liwe: nilikuwa Tanga.