Kunyoosha Mkono Si Kukubali Kushindwa: Dhana Potofu Zinazovuruga Mashindano ya Sataranji

Katika mashindano ya sataranji ninayoyaamua hapa Tanga, iwe ni katika ukumbi wa shule kule Chumbageni au katika ligi ndogo ya vijana wa Makorora, hakuna maneno niliyoyasikia mara nyingi kuliko haya: "Mwalimu, huyu amenipa mkono, kwa hiyo ameshindwa." Hivi karibuni niliyasikia mara mbili katika raundi moja, na mara zote mbili aliyetoa mkono hakuwa na nia yoyote ya kuacha mchezo. Walimu na wazazi waliokuwapo waliona nimechelewesha raundi bure kwa kuuliza maswali, nami bado nasema kwamba maswali yale yalikuwa wajibu wangu.

Kanuni za FIDE, shirikisho la dunia la mchezo huu, ambazo toleo lake la sasa lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2023, zinasema katika kifungu cha 5.1.2 kwamba mchezo humalizika papo hapo mchezaji anapotangaza kuwa amekubali kushindwa. Neno lenye uzito hapo ni "anapotangaza." Mwongozo wa waamuzi wa shirikisho hilohilo unataja njia mbalimbali ambazo wachezaji huzitumia kukubali kushindwa: kusimamisha saa inayopima muda wa kila mchezaji, kutamka, kuangusha mfalme, kumpa mpinzani mkono, kutia saini karatasi ya mchezo, yaani ile ambayo kila mchezaji huandikia hatua. Kisha mwongozo huo unaongeza jambo ambalo wengi hawalifikii, yaani kwamba kila mojawapo ya njia hizo inaweza kueleweka vibaya, na kwa hiyo hali lazima ifafanuliwe. Mkono ni dalili tu, na dalili huchunguzwa kabla ya matokeo kuandikwa.

Kwetu pwani, uchunguzi huo unahitajika zaidi kuliko mahali pengine, kwa sababu mkono hutolewa kwa mambo mengi. Aliyechelewa kufika na kukuta saa yake inakwenda hucheza haraka hatua mbili tatu, kisha hukumbuka kwamba hakumsalimu mwenzake, akanyoosha mkono katikati ya mchezo. Aliyegusa ubao kwa kiwiko hunyoosha mkono kuomba radhi. Anayependekeza sare naye hunyoosha mkono, na hapo ndipo lugha yetu yenyewe inapotutega. Mmoja anauliza, "Sawa?" akimaanisha kwamba nguvu zao ni sawasawa na wagawane alama. Mwenzake anajibu, "Sawa," akimaanisha haya, nimekuelewa, umekubali kushindwa. Wameshikana mikono, wote wamesema neno lilelile, na kila mmoja anaondoka na matokeo yake kichwani. "Nimekubali" nalo lina hatari hiyohiyo, kwa kuwa halisemi kilichokubaliwa ni kushindwa au ni sare.

Ninapoitwa kwenye meza ya namna hiyo, kwanza nasimamisha saa na kuzuia kete zisiguswe. Kisha namwuliza kila mchezaji peke yake alichotamka, neno kwa neno, na alichokisikia, kabla ya kumwuliza alichodhani. Baada ya hapo naangalia karatasi za mchezo. Kanuni zinawataka wachezaji wote wawili waandike alama ya usawa, (=), kila sare inapopendekezwa, na alama hiyo ikiwa imeandikwa kabla ya ugomvi kuanza, huwa ushahidi mzuri kuliko kiapo. Mwisho naangalia hali ya ubao, ingawa kwa tahadhari, maana mtu anaweza kukubali kushindwa akiwa katika hali nzuri na mwingine akakataa akiwa amebakiwa na mfalme mtupu. Nikiridhika kwamba mkono ulikuwa pendekezo la sare, namweleza mpinzani hivyo. Pendekezo la sare haliwezi kuondolewa na aliyelitoa. Linabaki hadi likubaliwe, likataliwe kwa mdomo, au mpinzani aguse kete kwa nia ya kuicheza. Kwa hiyo yeye huchagua, na asipoitaka sare, saa inaendelea kutoka pale iliposimama.

Tatizo huwa kubwa pale kete zinapokuwa zimekwisha kuchanganywa. Vijana wengi wamejifunzia ubao kwenye drafti za barazani, ambako aliyezidiwa huvuruga kete kwa mkono na watu wakaanza mchezo mwingine. Hapo barazani desturi hiyo inaeleweka na kila mtu, lakini kwenye mashindano inafuta ushahidi. Katika michezo ya muda mrefu tunaweza kuupanga ubao upya kwa kufuata karatasi, ila katika michezo ya haraka wachezaji hawalazimiki kuandika hatua zao, na ubao ukivurugwa hatubakiwi na kitu cha kurejelea. Ushauri ninaourudia kila asubuhi ya mashindano, hata kama watoto wa Ngamiani wamechoka kuusikia, ni huu: tamka sentensi nzima, "Ninakubali kushindwa" au "Ninapendekeza sare," kisha andikeni matokeo wote wawili, na baada ya hapo tu ndipo mguse kete.

Ipo dhana ya upande wa pili, ambayo huletwa na walewale walioponea kwenye ile ya kwanza. Hao husema kwamba aliyekubali kushindwa kwa kukosea hesabu anaweza kurudishiwa mchezo, kwa kuwa "hakukusudia." Lazima tutenganishe mambo mawili. Ambaye hakutangaza lolote, bali ishara yake ilieleweka vibaya, hajakubali kushindwa, na mchezo wake unaendelea. Ambaye alitangaza waziwazi, kisha akagundua kwamba kulikuwa na njia ya kujiokoa, mchezo wake umekwisha. Mwaka 1902 huko Monte Carlo, mchezaji Georg Marco alikubali kushindwa na Ignatz von Popiel kwa sababu aliamini kwamba kete yake iliyofungwa, yaani iliyoonekana haiwezi kuondoka mahali pake bila hasara, ilikuwa inapotea, kumbe kete hiyohiyo ilikuwa na hatua moja ya kumpa ushindi. Mwaka 1997 huko New York, bingwa Garry Kasparov aliikubalia ushindi Deep Blue, kompyuta ya kucheza sataranji, katika mchezo wa pili, na baadaye uchambuzi ukaonyesha kwamba angeweza kupata sare. Matokeo yote mawili yalibaki yalivyo. Hali ni hiyohiyo mpinzani anapotangaza kwamba mfalme wako amekwisha, nawe ukatamka kwamba umekubali kushindwa bila kuangalia. Tamko lako ndilo linalomaliza mchezo, hata kama mfalme alikuwa na nyumba ya kukimbilia. Ni jambo linaloumiza, hasa kwa mtoto, nami huwaomba walimu wawafundishe wanafunzi wao kutazama ubao kwa utulivu kabla ya kufungua mdomo.

Yaliyobaki ni mepesi zaidi. Mfalme aliyeangushwa na mkono wa shati si mfalme aliyejisalimisha. Kanuni zinamtaka aliyeangusha kete azirudishe mahali pake kwa muda wa saa yake mwenyewe, basi. Kusimamisha saa nako hakutoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa mchezaji anaruhusiwa kuisimamisha ili kumwita mwamuzi, kwa mfano pale kitunda, yaani kete ndogo, kinapofika mstari wa mwisho na kupaswa kubadilishwa kuwa malkia, lakini malkia wa pili hayupo mezani.

Kuhusu saini, wengi wanaamini kwamba kosa la kuandika husahihishwa wakati wowote. Kanuni zinasema kwamba matokeo yaliyotiwa saini na wachezaji wote wawili husimama hata kama si sahihi, isipokuwa mwamuzi aamue vinginevyo. Mwanya huo upo kweli, lakini mwamuzi hawezi kuutumia vizuri ikiwa analetewa malalamiko wakati raundi inayofuata imekwisha kupangwa na mpinzani ameshapanda basi la kurudi Muheza. Isomeni karatasi mkiwa bado mmekaa mezani.